Nani Alikula Akiba ya Mwalimu?



Mzee wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Iramba. Alipofariki, tulikaa chini na ndugu zangu tukafungua sanduku lake la bati. Tulikuta humo vitu ambavyo hukutwa katika sanduku la kila mwalimu wa zama zake: cheti cha ualimu, barua za uhamisho, kadi ya chama, picha ndogo za pasipoti, na kitabu cha akiba cha benki. Jina la benki hiyo nalihifadhi, kwa kuwa kisa hiki si cha benki moja. Mstari wa mwisho katika kitabu kile uliandikwa mwaka 1987, na salio lilikuwa shilingi 11,460. Mama alikishika, akakitazama kwa muda, kisha akasema, "Hizi ndizo zilikuwa fedha za mabati."

Mwaka 2009 nilikichukua kitabu hicho nikakipeleka mjini Singida. Karani aliyenipokea alikuwa binti mwenye adabu, ambaye bila shaka alikuwa hajazaliwa au alikuwa mchanga wakati mstari ule ulipoandikwa. Alikigeuza huku na huku, akaenda ndani, akarudi. "Kaka," aliniambia kwa upole, "hiki bora ukiweke kwa ukumbusho." Sikumlaumu. Hata kama angenihesabia fedha zile pale pale, zisingetosha kununua bati moja.

Sasa swali langu la juma hili ni jepesi kuliuliza na zito kulijibu. Hakuna jambazi aliyevunja mlango wa benki ile. Hakuna aliyeiba kitabu cha Mzee. Tarakimu zilibaki pale pale karatasini, shilingi 11,460, senti haikupungua. Lakini nyumba yote iliyokuwa ndani ya tarakimu zile ilikuwa imeliwa. Nani alikula akiba ya mwalimu?

Tuanze na watu wenyewe. Katika miji midogo kama Singida, Manyoni na Kiomboi, baada ya Uhuru lilizuka kundi jipya la watu. Hawakuwa matajiri, lakini hawakuwa tena wakulima wa jembe la mkono kama baba zao. Walikuwa walimu, waganga wasaidizi, wauguzi, makarani wa boma, mabwana shamba, mafundi wa Kazi za Umma, wakuu wa stesheni za reli. Wale wa juu kidogo, waliokalia viti vilivyoachwa na Wazungu, watu mitaani waliwaita naizesheni. Alama zao zilikuwa baiskeli, redio, viatu vya ngozi, na kitabu cha akiba. Kuwa na kitabu cha benki au cha posta kulikuwa ishara kwamba mtu ameingia katika ulimwengu wa kisasa. Walimu wenyewe ndio waliofundisha darasani kwamba akiba haiozi.

Benki za wakati wa mkoloni hazikuwa za watu hawa. Barclays, Standard, na National and Grindlays zilikuja kwa ajili ya mashamba makubwa, makampuni ya kuuza nje na wafanyabiashara. Mwananchi mdogo aliachiwa Benki ya Akiba ya Posta, ambayo ilianzishwa na serikali ya Kiingereza mwaka 1925. Kwa hiyo Mwalimu Nyerere alipotangaza, tarehe 6 Februari 1967, siku moja tu baada ya Azimio la Arusha, kwamba benki zote za kigeni zimetaifishwa, wengi walishangilia kwa dhati. Katika mwezi huo huo ilizaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Bwana Amon Nsekela. Ahadi ilikuwa wazi: fedha za wananchi zitawatumikia wananchi.

Tuwe wakweli, ahadi hiyo haikuwa maneno matupu. NBC ilifungua matawi katika wilaya ambako benki ya kibiashara yenye kuangalia faida peke yake isingekanyaga. Mwaka 1971 ikaundwa Benki ya Maendeleo Vijijini, ambayo mwaka 1984 iligeuka kuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, CRDB. Mwaka 1972 ikatungwa sheria ya Benki ya Nyumba, THB, ili mfanyakazi wa kawaida naye ajenge. Na serikali ile ile ndiyo iliyomsomesha mwalimu bila ada, ikapeleka Elimu ya Msingi kwa Wote hadi vijijini mwaka 1977. Mtu anayesimulia historia ya nchi yetu kana kwamba yote yalikuwa hasara, huyo hajawauliza wazee.

Lakini chungu kilikuwa na ufa. Benki ikiwa ya serikali, na kiwanda kikiwa cha serikali, na shirika la kununua mazao likiwa la serikali, basi anayekopesha na anayekopa ni mtu mmoja mwenye mifuko miwili. Meneja wa benki alipoletewa ombi la mkopo na shirika la umma, hakuuliza kama shirika hilo litaweza kulipa. Aliuliza barua imetoka wapi. Ikiwa imetoka juu, mkopo ulitoka.

Tuchukue mazao, kwa maana hapo ndipo Singida inapoingia katika hesabu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, na kazi ya kununua mazao ikaenda kwa mamlaka na mashirika ya umma. Nafaka zilikwenda kwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Pamba ya Iramba ilikwenda kwa mamlaka ya pamba. Mashirika haya yalikuwa na magari mabovu, maghala yanayovuja, wafanyakazi wengi kupita kiasi, na bei za kununua na kuuza zilizopangwa na serikali bila kujali gharama. Hasara ilipotokea, na ilitokea kila mwaka, benki ilitakiwa kuiziba. Deni la mwaka jana lilijumlishwa na la mwaka huu, likaitwa mkopo mpya. Na mkulima naye, ambaye ndiye aliyesemwa kwamba anasaidiwa, mara nyingi alikaa na stakabadhi mkononi miezi na miezi akisubiri malipo yake.

Fedha hizo za kuziba hasara zilitoka wapi? Kwanza zilitoka kwa walioweka akiba. Zilipokwisha, zilitoka Benki Kuu, ambayo ilichapisha nyingine. Hapa ndipo panapotakiwa tuelewane vizuri. Fedha zikiongezeka mitaani huku sabuni, sukari, mabati na vitambaa havijaongezeka, hapana muujiza: bei hupanda. Na bei ikipanda, anayeumia kwanza si tajiri mwenye ghala lililojaa, wala mwenye ng'ombe. Anayeumia ni yule aliyegeuza jasho lake kuwa tarakimu ndani ya kitabu.

Kisha mambo yakaja kwa pamoja. Mwaka 1973 na tena mwaka 1979 bei ya mafuta ilipanda duniani. Mwaka 1977 ikavunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na vita iliyofuata ilitugharimu fedha nyingi za kigeni. Vita ilipomalizika tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Wazee wanaikumbuka sana hesabu hiyo ya miezi 18, kwa sababu mikanda ilifungwa na haikufunguliwa. Mwishoni mwa mwaka 1979 Waziri wa Fedha, Bwana Edwin Mtei, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Rais juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni, maduka ya kaya, na bidhaa kuuzwa chini ya meza. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, watu walitupa bidhaa vichakani kwa hofu ya kukutwa nazo.

Katikati ya miaka ya 1980 bei zilikuwa zinapanda kwa zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka. Riba aliyopewa mwenye kitabu cha akiba haikufikia hata nusu ya kasi hiyo. Maana yake ni kwamba mwalimu aliyeweka fedha Januari alizikuta Desemba zimeongezeka katika kitabu na zimepungua sokoni.

Halafu ikaja shilingi yenyewe. Mwaka 1980, kwa bei rasmi, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi 8 na senti kidogo. Mwaka 1984 ilifikia shilingi 17. Katikati ya mwaka 1986, serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ikawa 40. Mwaka 1990 ilikaribia 200, na mwaka 1995 ilizidi 550.

Tupige hesabu ya darasa la saba. Mtumishi aliyekuwa na shilingi 10,000 benki mwaka 1980 alikuwa na dola kama 1,200 kwa bei rasmi. Tuseme aliziacha zikae, na riba ya miaka yote ikazifanya ziwe mara kumi, yaani 100,000. Hiyo ni riba ya ukarimu mkubwa. Mwaka 1995 fedha hizo zingekuwa hazifiki dola 200. Kwa kila sehemu sita, tano zimekwenda. Ni kweli kwamba bei rasmi ya mwaka 1980 ilikuwa ya kujidanganya, na kwa walanguzi dola ilikuwa ghali zaidi. Hata ukikata sehemu hiyo, shimo linabaki kubwa mno.

Basi turudi kwenye swali. Nani alikula?

Mlaji wa kwanza tumekwisha mtaja: mashirika ya umma yaliyokopa bila kulipa, na serikali iliyoyaamuru yakopeshwe. Huyo ndiye mkubwa. Mwaka 1988 serikali yenyewe iliunda Tume chini ya aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, Bwana Charles Nyirabu, kuchunguza mfumo wa fedha na mabenki. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1990, na kutokana nayo ikapatikana sheria ya mabenki ya mwaka 1991 iliyoruhusu benki binafsi. Mwaka huo huo kikaundwa chombo maalumu, LART, cha kubeba mizigo ya madeni mabovu na kujaribu kuyakusanya. Kuunda chombo cha namna hiyo ni kukiri kosa. Nyumba isiyo na taka haichimbi shimo la taka.

Mlaji wa pili hatumtaji sana, kwa sababu anatufanana. Mfumuko wa bei unapokula akiba ya mtu, kuna mtu mwingine ambaye deni lake nalo linaliwa. Aliyekopa shilingi 60,000 kujenga nyumba mwishoni mwa miaka ya 1970, alipofika mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa anadaiwa fedha nyepesi kama unyoya. Wakopaji wa Benki ya Nyumba kwa sehemu kubwa hawakuwa wakulima wa Sepuka au Nduguti. Walikuwa watumishi wa mijini, wakubwa na wa kati, waliokuwa na barua ya ajira, kiwanja kilichopimwa na mtu wa kumfahamu. Wengine walilipa kwa uaminifu. Wengi hawakulipa, na hawakusukumwa walipe. Kwa hiyo ndani ya tabaka moja, pengine ndani ya ofisi moja, karani mwenye akiba alikuwa anamjengea nyumba bosi wake mwenye mkopo, na hakuna kati yao aliyejua hivyo. Mwaka 1995 Benki ya Nyumba ilifungwa. Nyumba zilizojengwa kwa mikopo yake zingali zimesimama.

Nasema hili si kwa kumdhihaki mtu. Nasema kwa sababu sisi wenye vyeti na mishahara tuna tabia ya kuzungumza juu ya serikali na benki kana kwamba ni wageni waliotoka mwezini. Walioidhinisha mikopo ile walikuwa kaka zetu. Waliokopa walikuwa shemeji zetu. Waliokaa kimya wakijua walikuwa sisi wenyewe.

Mlaji wa tatu alikuwa ukimya wenyewe. Mwenye akiba hakuambiwa. Hakuna tangazo lililobandikwa mlangoni mwa benki kusema kwamba fedha yako inayeyuka. Gazeti lilikuwa la chama au la serikali, redio ilikuwa moja, na sisi wa taaluma hii tulisoma taarifa kama zilivyoletwa. Ningekuwa mtangazaji katika miaka ile, nadhani nami ningesoma vivyo hivyo.

Mtu atauliza, na mkulima je? Mjomba wangu, ndugu yake Mama, hakuwahi kuwa na kitabu cha benki. Alikuwa na mbuzi. Alimtania sana Mzee, akimwambia, "Shemeji, fedha zako hazizai." Kwa miaka ile alikuwa sahihi, maana mbuzi wa mwaka 1980 mwaka 1990 alikuwa bado ni mbuzi, tena amekuwa ukoo. Lakini nisiwadanganye. Mkoa wetu ni wa ukame. Ulikuja mwaka mbaya na homa ya mapafu juu yake, na zizi la Mjomba likabaki na majike matatu. Mbuzi naye ana mfumuko wake. Na mkulima yule yule aliyekopwa mazao yake hakuwa na mshahara wa kumfariji mwisho wa mwezi. Tunapolalamika kwamba akiba zetu ziliyeyuka, tukumbuke kwamba kuna waliotoa jasho lao likaishia kwenye stakabadhi.

Miaka ya 1990 ilileta mageuzi, na mageuzi yalikuja na panga. Katikati ya miaka hiyo watumishi wa serikali wapatao 50,000 walipunguzwa kazini. Waliobaki walianza miradi: kuku nyuma ya nyumba, ng'ombe mmoja wa maziwa, mashine ya kusaga, biashara ya vitunguu. Katika Singida mwalimu aliyekamua alizeti aliweza kumpita mwalimu mkuu kwa kipato. Tabaka lile la kitabu cha akiba lilijifunza kutoamini mshahara wala benki.

Na benki nazo zilitoa kila sababu. Mwaka 1995, mwaka ule ule wa kufungwa Benki ya Nyumba, ilianguka pia Meridien Biao, mojawapo ya benki binafsi za kwanza kuruhusiwa. Watu walioambiwa kwamba ubinafsi ndio dawa walishangaa kuona dawa nayo inaumwa. Mwaka 1997 NBC ilikatwa vipande vitatu: NBC mpya ya kibiashara, Benki ya Wananchi ambayo sisi tunaiita NMB, na kampuni ya kushika mali na madeni yaliyobaki. Mwalimu Nyerere, katika siku zake za mwisho, hakupendezwa hata kidogo na mpango wa kuiuza NBC. Alifariki Oktoba 1999. Mwaka 2000 asilimia 55 za hisa za NBC ziliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini kwa shilingi bilioni 15. Mabishano juu ya bei hiyo hayajaisha mpaka leo katika vijiwe vya kahawa.

Lakini tazama upande wa pili. Benki iliyobaki na matawi mengi ya mikoani, NMB, ilikuwa ikisemwa na wataalamu kwamba haina mnunuzi. Mwaka 2005 asilimia 49 zilikwenda kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi, serikali ikabaki na sehemu yake, na benki ile ya walimu na wazee wa pensheni ikawa miongoni mwa benki kubwa zenye faida nchini. CRDB nayo, iliyobinafsishwa mwaka 1996, ilifuata njia hiyo hiyo ya kukua. Somo ni kwamba mteja mdogo hakuwa mzigo hata siku moja. Mzigo ulikuwa mkubwa asiyelipa.

Je, tumepona? Mwaka 2008 tuliambiwa kwamba katika akaunti ya madeni ya nje, EPA, pale Benki Kuu, shilingi bilioni 133 zililipwa kwa makampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06, kwa nyaraka zisizo halali. Gavana Daudi Ballali aliondolewa. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano ndogo kwa kukosa mtaji wa kutosha, zikiwamo benki za wananchi za Njombe na Meru na ile ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Wenye amana waligundua siku hiyo kwamba bima ya amana ilikuwa na kikomo cha shilingi milioni 1.5. Baadaye, mwaka 2023, kikomo kilipandishwa hadi milioni 7.5. Ni hatua njema. Lakini ni wangapi kati yetu tulijua kikomo hicho kabla ya kusikia habari za benki kufungwa?

Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu. Mtumishi aliyemtumia mama yake kijijini shilingi 50,000 alikatwa, na mama alipotoa akakatwa tena. Kelele zilikuwa kubwa, na safari hii zilisikika: Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, ikapunguzwa tena mwaka uliofuata, na mwaka 2023 tozo ya kutumiana fedha kwa simu ikafutwa. Vivyo hivyo kikokotoo cha pensheni. Mwishoni mwa mwaka 2018 wastaafu walipoona watapewa asilimia 25 tu ya mafao kwa mkupuo, walipaza sauti, na Rais Magufuli akasimamisha kanuni hizo. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 waliokuwa wakipata nusu kabla ya mabadiliko wakapandishiwa hadi 40. Hawakupata yote waliyotaka. Lakini Mzee wangu katika mwaka 1987 hakupata hata nafasi ya kuuliza.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya miaka ile na hii. Benki zetu za leo si za malaika na serikali yetu si ya malaika. Tofauti ni kwamba hesabu zinaweza kuonekana na mtu anaweza kusema. Mfumuko wa bei unatangazwa kila mwezi. Benki zinachapisha mizania yake magazetini. Tatizo ni kwamba hatusomi. Tunaruka ukurasa ule wa tarakimu tukatafute mpira, kisha fedha ikipotea tunasema tumeibiwa.

Na kuna jambo linalonitia uchungu zaidi. Mwalimu wa leo wa Mkalama au Ikungi, mjukuu wa wale wenye vitabu vya akiba, mara nyingi hana akiba kabisa. Ana mikopo. Anakatwa mshahara na benki, anakatwa na chama cha kuweka na kukopa, na inayobaki anamkabidhi mkopeshaji wa mtaani pamoja na kadi yake ya benki na namba yake ya siri. Mikopo hii wananchi wameipa jina linaloistahili: kausha damu. Ipo sheria ya huduma ndogo za fedha tangu mwaka 2018, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Lakini sheria haiwezi kumsindikiza mwalimu mpaka mlangoni kwa mkopeshaji. Zamani mfumuko ulikula akiba ya mwalimu. Siku hizi riba inakula mshahara ambao bado haujaingia.

Mzee wangu alifanya yote aliyofundishwa. Alijinyima, akaweka, akatunza kitabu kisikunjwe pembe. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa kwamba waliokabidhiwa fedha zake hawakuwa na wa kumjibu, na yeye hakuwa na tabia wala nafasi ya kuwauliza.

Kwa hiyo sitamwambia mtu aache benki arudi kwa mbuzi. Wala sitamwambia auze mbuzi wote apeleke benki. Nawaomba wasikilizaji wangu wawe na maswali matatu mdomoni kila wanapokabidhi fedha zao, iwe ni benki, ni mfuko wa pensheni, ni chama cha akiba au ni serikali inayokusanya kodi. Fedha yangu inakopeshwa nani? Riba ninayopewa inazidi kupanda kwa bei au imeachwa nyuma? Na mkikosea, nani atalipa? Anayekasirika ukimuuliza maswali hayo amekwisha kukujibu.

Kitabu kile cha akiba bado ninacho. Mama alikataa kisitupwe. Nyumba yetu iliezekwa hatimaye, mwaka 1996, kwa fedha za vitunguu alivyolima yeye mwenyewe kando ya mto. Mabati yale yamekwisha kushika kutu sasa, lakini hayavuji. Wajukuu wanapomuuliza kitabu kile kina nini, huwaambia kina nyumba ya babu yao.